Nukta Haikatwi, Inahamishwa

"Mwalimu, hizi nukta nizikate kwanza, ndipo nianze kuondoa?"

Hapana. Swali hili nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha kwanza Kahama, nimeulizwa na mwenye karasha (mashine ya kusagia mawe) wa Nyarugusu aliyetaka kujua dizeli yake inaishia wapi, na sasa kaniuliza kijana anayenunua dhahabu Katoro, ambaye mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nikae chini niandike. Mtu ametoa fedha nzuri kununua mizani yenye nafasi mbili za desimali, halafu anakuja kuniomba ruhusa ya kuzitupa.

Somo la milinganyo silirudii hapa. Aliyepita kidato cha kwanza alishaona milinganyo miwili yenye herufi mbili. Alifundishwa kusawazisha namba zilizo mbele ya herufi mojawapo, kutoa mstari mmoja kwenye mwingine ili herufi hiyo ipotee, kisha kutafuta iliyobaki. Njia ya kuondoa ni hiyo hiyo, iwe namba ni nzima au zina mkia. Tatizo ni kwamba namba za kitabuni huwa 2, 3 na 5, ilhali za mizani huwa 47.71, na mtu akiiona hiyo nukta anashikwa na homa.

Tuchukue kazi ya huku kwetu. Una kipande kilichoyeyushwa, mchanganyiko wa dhahabu na fedha (fedha madini, si ya mfukoni). Kikiwa kikavu kina gramu 47.71. Ukikining'iniza kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo, mizani inasoma 45.01. Kilichopungua ni gramu 2.70, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja, basi ujazo wa kipande ni sentimita 2.7. Dhahabu halisi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, fedha ina 10.5. Tuseme a ni ujazo wa dhahabu iliyomo na b ni ujazo wa fedha.

a + b = 2.7
19.3a + 10.5b = 47.71

Zidisha mstari wa kwanza kwa 10.5, unapata 10.5a + 10.5b = 28.35. Utoe kwenye mstari wa pili: 8.8a = 19.36, kwa hiyo a ni 2.2 na b ni 0.5. Dhahabu ni 2.2 mara 19.3, yaani gramu 42.46. Fedha ni gramu 5.25. Jumlisha, zinarudi 47.71 bila kupungua. Usafi ni asilimia 89, karati 21 na kidogo. Hakuna hatua hata moja iliyohitaji ujasiri.

Sasa aje mkataji. Wakataji wako wa aina mbili na hawapatani, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwatia shaka. Wa kwanza anakadiria kwenda namba nzima iliyo karibu, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Kwake 2.7 inakuwa 3, 19.3 inakuwa 19, 10.5 inakuwa 11, na 47.71 inakuwa 48. Anazidisha mstari wa kwanza kwa 11, anapata 33, anatoa: 8a = 15, a ni 1.875. Akirudi kwenye gramu kwa 19.3 anapata dhahabu ya gramu 36.19. Gramu 6.27 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Kwa bei ya mfano ya shilingi 200,000 kwa gramu, hiyo ni shilingi 1,254,000 iliyoyeyukia kwenye daftari.

Wa pili hakadirii, anakata mkia tu: 2.7 anaiita 2, 19.3 anaiita 19, 10.5 anaiita 10, 47.71 anaiita 47. Anazidisha kwa 10, anapata 20, anatoa: 9a = 27, a ni 3. Namba nzuri, nzima, haina nukta. Mwanafunzi anafurahi, anapigia mstari mara mbili. Lakini sentimita 3 za dhahabu zimekaaje ndani ya kipande chenye ujazo wa 2.7, ambacho yeye mwenyewe amekiita 2? Na b je? Ni hasi moja. Kipande hiki, kwa hesabu yake, kina fedha pungufu ya sifuri na dhahabu ya gramu 57.9 ndani ya uzito wa gramu 47.71. Nimeona majibu ya namna hii yakiletwa mezani kwa sura ya ushindi.

Kwa hiyo kipande ni kile kile na vipimo ni vile vile. Aliyekadiria amepata gramu 36, aliyekata mkia amepata karibu 58, ukweli ni 42.46. Mtu akisema "nukta hazina madhara" aniambie kwanza ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo isiyo na madhara.

Watu hushangaa kwa sababu wanapima kosa mahali pasipo pake. Wanasema: kutoka 47.71 hadi 48 ni tofauti isiyofika hata asilimia moja, itawezaje kuharibu jibu kwa asilimia 15? Itaweza kwa sababu njia ya kuondoa ni njia ya kutoa, na kutoa hula vichwa vya namba kukaacha mikia. Tazama tena: 47.71 toa 28.35. Namba mbili kubwa zimekutana, sehemu kubwa ya kila moja imefutwa na mwenzake, imebaki 19.36. Upande wa kushoto vilevile, 19.3 toa 10.5 imebaki 8.8. Makosa hayafutiki pamoja na vichwa. Yanabaki yote, yakiwa yamekaa kwenye namba ndogo zaidi, halafu unagawanya namba moja iliyoharibika kwa nyingine iliyoharibika. Mkadiriaji alibakiwa na 15 badala ya 19.36. Mkata mkia alibakiwa na 27. Kuanzia hapo hakuna kikokotoo cha kuwaokoa.

Ndiyo maana nasema kukadiria mwanzoni na kukadiria mwishoni ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukikadiria 42.46 kuwa 42.5 mwishoni, umekosea kwa 0.04 na unajua umekosea kwa 0.04. Ukikadiria mwanzoni, hujui umekosea kwa kiasi gani mpaka ufanye hesabu upya kwa namba kamili. Na kama utaifanya upya kwa namba kamili, ulikadiria kwa ajili gani?

Hapo mkataji hupunguza sauti. Anasema: sawa mwalimu, namba nzima nimeacha, lakini nukta moja tu nikiisogeza? Inategemea ni nukta ya nani. Ukisoma uzito 47.7 badala ya 47.71, jibu linashuka kwa gramu 0.02 hivi, si kitu. Lakini ukisoma ujazo 2.8 badala ya 2.7, dhahabu inakuwa gramu 40.16, na umepoteza gramu 2.3 kwa sehemu moja ya kumi. Katika mfano huu kila sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo ina thamani ya gramu 2.3 za dhahabu. Kila sehemu ya kumi ya gramu kwenye uzito mkavu ina thamani ya gramu 0.22 tu, mara kumi chini yake. Anayepima ujazo kwa kutumbukiza kipande kwenye chupa yenye alama za mililita na kukisia kwa jicho hapimi karati. Anabahatisha. Na povu la hewa lililonata kwenye kipande ndani ya maji linaongeza ujazo wa uongo, kwa hiyo linashusha dhahabu. Hasara hiyo ni ya muuzaji, kila mara. Kitikise kipande, kifute, tia tone la sabuni kwenye maji.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja, kwa sababu msomaji makini ameshaliona: 19.3 na 10.5 zenyewe zimekadiriwa. Ndiyo. Kwa ukaribu zaidi ni 19.32 na 10.49. Ukiziweka hizo, dhahabu inakuwa gramu 42.42, tofauti ya 0.04. Tofauti hiyo nimeipima kabla ya kuikubali. Hapo ndipo mtu anayekadiria akijua kosa lake anapotengana na mtu anayekata.

Basi kwa nini imani hii haifi? Kwanza, kwa sababu mara nyingine inakubali, au inaonekana kukubali. Mwenye karasha niliyemtaja aliandika hivi: siku aliyosaga mifuko 12 dizeli iliyotumika ni lita 31.4, siku ya mifuko 20 ni lita 47.8. Alitaka kujua kila mfuko unakunywa kiasi gani, na kiasi gani kinakwenda kuwasha na kuzungusha mashine tupu. Ukitoa mstari wa kwanza kwenye wa pili, mifuko 8 ni lita 16.4, kila mfuko lita 2.05, na mashine tupu lita 6.8. Yeye alikadiria 31 na 48, akapata lita 2.125 kwa mfuko. "Imekaribia," akaniambia. Imekaribia, ndiyo, upande wa mfuko. Kwa mashine tupu alipata 5.5 badala ya 6.8, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la msingi, kwa sababu alikuwa anamshuku kijana wa zamu kuwa anafyonza mafuta. Lita 1.3 kila siku, hesabu yake ikawa inazionyesha kama wizi. Kijana wa watu angefukuzwa kwa kosa la makadirio.

Pili, shilingi imetuzoesha vibaya. Senti hatuzioni tena. Sarafu ndogo unayoipokea dukani leo ni ya shilingi 50, na hata hiyo mwenye duka atakupa pipi badala yake. Mtoto anakua akijua kwamba kilicho nyuma ya nukta ni chenji isiyorudishwa. Anatoka hapo anaingia kwenye biashara ambayo, kwa bei ile ile ya mfano, sehemu moja ya mia ya gramu ni shilingi 2,000. Ukanda huu wote wa Geita, Mbogwe, Nyang'hwale, Kahama hadi Mwakitolyo unaishi kwa vitu vinavyopimwa nyuma ya nukta. Huko Mwadui, Shinyanga, almasi ya pinki ya karati 32.32 iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8. Kata hiyo .32 kwa bei ile ile ya karati, umetupa zaidi ya dola 130,000. Wenyewe hawakuikata. Na halmashauri nayo haikati: ushuru wa huduma kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3, namba ambayo mkataji wetu angeiita sifuri. Nenda kamwambie afisa mapato kwamba umekata nukta.

Tatu, mtihani. Swali linasema "andika jibu lako kwa nafasi 2 za desimali." Mwanafunzi anasoma "nafasi 2 za desimali" na kuruka "jibu lako", kisha anakata kila kitu kuanzia mstari wa kwanza. Agizo lilihusu jibu. Halikugusa vipimo ulivyopewa wala hatua za katikati. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba soma swali.

Nne, na hapa lawama ni yetu walimu: mazoezi yetu yanatoka namba nzima karibu siku zote. x ni 3, y ni 2. Mtoto aliyezoea hivyo akipata x ni 1.37 anadhani amekosea, anarudi nyuma kutafuta nukta ya kuua. Tumemfundisha kwamba jibu sahihi ni jibu safi. Mwamba wa mgodi wa Bulyanhulu haujui habari hizo.

Kuna mahali pamoja ambapo kukata kunafuta swali lote. Tangsteni ni metali nzito, rahisi kuliko dhahabu kwa mbali, na ndiyo inayotumiwa duniani kughushi vipande vya dhahabu kwa kuiweka ndani na kuifunika kwa dhahabu juu. Sentimita yake ya ujazo ina gramu 19.25. Andika milinganyo yako:

a + b = 2.7
19.3a + 19.25b = uzito uliopima

Ondoa b. Kinachobaki mbele ya a ni 0.05. Mtu anayekadiria kwa nafasi moja ataandika 19.3a + 19.3b, ataondoa, atabaki na sifuri upande wa kushoto, na atasema milinganyo "imegoma". Haikugoma. Yeye ndiye aliyefuta tofauti pekee iliyokuwepo kati ya dhahabu na bandia.

Lakini hata usipokata, hapa maji hayatakusaidia, na afadhali nikwambie mapema kuliko ukatapeliwa ukiwa na makala yangu mkononi. Kipande cha sentimita 2.7 kikiwa dhahabu tupu kina gramu 52.11. Kikiwa tangsteni tupu kina gramu 51.975. Kati ya dhahabu yote na hakuna dhahabu kabisa kuna gramu 0.135. Kosa la 0.01 tu kwenye uzito linasogeza jibu kwa gramu 3.86 za dhahabu. Kosa la 0.01 kwenye ujazo linasogeza a kwa sentimita 3.85, yaani zaidi ya kipande chenyewe. Mistari miwili ya namna hii ukiichora inakaribia kulala juu ya mwenzake, na mahali inapokatana pakitikiswa kidogo panakimbilia mbali. Ukikutana na namba ndogo hivi mbele ya herufi baada ya kuondoa, acha hesabu, tafuta kipimo kingine: pasua kipande, kiyeyushe upya, au kipeleke kwenye soko la madini wakakipime. Masoko haya yalianza mwaka 2019, Geita likiwa la kwanza, na sehemu ya faida yake kwa mchimbaji mdogo ni hii hii, kwamba usafi haupimwi kwa kukisia. Ila ujue mashine ya mionzi husoma ngozi ya juu. Kilichojificha ndani hutoka kwa kuyeyusha.

Na usiniulize kwa nini hesabu ya dhahabu na fedha imekataa kwenye kipande chenye shaba. Milinganyo miwili inajibu visivyojulikana viwili. Ukichukua kipande chetu cha mwanzo ukadhani kilichochanganyika ni shaba, yenye gramu 8.96, dhahabu inakuwa gramu 43.90 badala ya 42.46. Hiyo ni gramu moja na zaidi kwa kudhani tu. Kama zimo fedha na shaba pamoja, unahitaji mlinganyo wa tatu, na mlinganyo wa tatu unatokana na kipimo cha tatu. Ukiandika upya yale yale mawili kwa mpangilio mwingine hujapata wa tatu. Dhahabu iliyochomwa kutoka kwenye zebaki nayo isipimwe kabla ya kuyeyushwa: imejaa matundu, na zebaki iliyobaki inakudanganya kwa gramu zake 13.5.

Sasa ya kufanya, haraka haraka, kwa sababu ni mepesi.

Kama nukta zinakuudhi, zihamishe. Zidisha mstari mzima, pande zote mbili za alama ya sawasawa, kwa 10, 100 au 1,000, kufuata namba yenye mkia mrefu kuliko zote katika mstari huo. Kila mstari una kizidishi chake. Si lazima vilingane. Mfano wetu unakuwa 10a + 10b = 27 na 1930a + 1050b = 4771. Zidisha wa kwanza kwa 105, upate 1050a + 1050b = 2835. Toa: 880a = 1936, a ni 2.2. Nukta zote zimeondoka na hakuna kilichopotea. Kosa la kawaida ni kuhamisha kushoto na kusahau kulia, ukaandika 1930a + 1050b = 47.71. Hapo utapata dhahabu hasi, na dhahabu hasi haina soko hata Katoro.

Kama una kikokotoo, kile cha simu kinatosha. Acha nukta zilivyo, lakini usinakili jibu la katikati kwa kulifupisha. Liache ndani ya kikokotoo, endelea nalo. Kama mbele ya herufi moja kuna 1, kama ilivyo kwenye a + b, njia ya kuweka badala ni fupi kuliko kuondoa, itumie bila kuona haya. Chagua vizuri kitu unachokiita herufi. Ungeanza na gramu badala ya ujazo, x zikiwa gramu za dhahabu na y za fedha, mstari wa uzito ungekuwa x + y = 47.71, lakini kwenye mstari wa ujazo ungejikuta na 0.0518x + 0.0952y = 2.7, namba zisizoisha ambazo ungelazimika kuzikata mahali fulani. Ukishajikuta hapo, zidisha mstari mzima kwa 19.3 mara 10.5 upate 10.5x + 19.3y = 547.155, kisha endelea. Y itatoka 5.25 kama ilivyopaswa. Na kabla ya hesabu yoyote, mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na stika yake iwe ya mwaka huu.

Ukimaliza, rudisha majibu yako kwenye milinganyo yote miwili, ile ya awali yenye nukta zake, si ile uliyoibadilisha. 2.2 na 0.5 ni 2.7. 19.3 mara 2.2 jumlisha 10.5 mara 0.5 ni 47.71. Ikikataa mmoja, umekosea, hata kama jibu lako ni zuri kwa sura. Ukaguzi huu unachukua muda mfupi kuliko kuniuliza.

Kwa walimu wenzangu wa Shinyanga na Geita: acheni kuwapa watoto milinganyo inayotoka 3 na 2. Wapeni vipimo vya mizani, vya dizeli, vya pamba kituoni, vyenye mikia yake, na msahihishe kwa kuangalia kama namba za mstari wa kwanza ndizo zilizofika mstari wa mwisho.